Bunduki ya Kumfuatia Mbogo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Methali hiyo nimeisikia tangu nikiwa mtoto, na kwa habari ya jembe naikubali. Mkulima hodari hulima hata kwa jembe lililolika. Lakini kwa habari ya bunduki ya kuwindia mbogo naikataa, na sababu ya kuikataa ilimwagiwa damu. Damu yenyewe haikuwa yangu, na ndiyo maana jambo hili halijaniondoka moyoni hadi leo nikiwa mstaafu.

Nililikumbuka upya siku mpwa wangu aliponitembelea nyumbani. Alikuwa amefaulu mtihani wa wawindaji bingwa, na alikuwa ameweka akiba ya kununua bunduki yake ya kwanza ya wanyama wakubwa. Fedha zake hazikuwa haba, lakini hazikuwa za kitajiri. Alikuja na daftari lenye majina ya bunduki kumi na mbili, kila moja na bei yake.

"Mjomba," akaniambia, "mimi naomba unitajie jina moja tu, nikanunue."

Nikamwambia akae, maana jina moja haliwezi kueleweka bila ya historia yake. Alikaa, ingawa nilimwona akiitazama saa.

Nilianza na komeo. Bunduki tunayoizungumzia hapa haijikoki yenyewe. Ina komeo la chuma, mithili ya komeo la mlango. Ukishapiga, unaliinua kwa mkono na kulivuta nyuma, ganda linatoka. Unalisukuma mbele, risasi nyingine inaingia kwenye chemba. Unalilaza, mlango umefungwa. Mafundi wengi wa Ulaya walihangaika na mtambo huo katika karne ya 19, lakini aliyeukamilisha ni Mjerumani Paul Mauser, wa mji wa Oberndorf. Bunduki yake iliyopokewa na jeshi la Ujerumani mwaka 1898 ndiyo mama wa karibu kila bunduki ya komeo inayoheshimiwa na wawindaji hata sasa.

Siri yake kubwa ni kitu ambacho mnunuzi mgeni hakitazami kabisa: ukucha mrefu wa chuma uliolala ubavuni mwa komeo. Risasi inapopanda tu kutoka kwenye magazini, ukucha ule huidaka shingoni mwa kitako chake na kuishika mpaka ifike chemba. Ukibadili nia katikati ya safari, ukavuta komeo nyuma, risasi inarudi nayo na kutupwa nje. Haiachwi njiani. Naomba msomaji alikumbuke jambo hilo, kwa kuwa nitalirudia.

Bunduki hizo hazikuletwa kwetu kwa ajili ya mbogo. Babu zetu wa kusini, Wamatumbi, Wangindo na wengineo, walisimama mwaka 1905 katika Vita vya Maji Maji wakiwa na mikuki, mishale na magobole, wakapigwa risasi na jeshi la Mjerumani. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoingia mwaka 1914, wengi wa askari Waafrika wa jeshi hilo walikuwa bado na bunduki za mwaka 1871, zenye baruti ya moshi mwingi uliomfichulia adui mahali walipojificha. Bunduki za mwaka 1898, ambazo moshi wake ni kidogo sana, zilikuwa mikononi mwa wachache. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza ambaye pori letu kubwa lilipewa jina lake, aliuawa kwa risasi Beho Beho tarehe 4 Januari 1917, katika nchi aliyoijua kwa uwindaji. Kwa hiyo chombo hiki tunachokichagua kwa utulivu dukani kimetoka vitani, na sisi tulikuwa upande wa mbele wa mtutu kabla ya kukishika kitako.

Waingereza nao waliuona uzuri wa mtambo ule. Matajiri wao waliwinda kwa bunduki za mitutu miwili zilizotengenezwa kwa mkono London, na bei ya moja ilikuwa kama bei ya nyumba, kama ilivyo hadi leo. Lakini bwana shamba, askari wa wanyamapori au mwindaji wa pembe asiye na urithi angepata wapi fedha hizo? Ndipo mafundi wa London walipochukua mitambo ya Mauser na kuitilia mitutu minene. Karibu mwaka 1905 W. J. Jeffery akatoa namba 404. Mwaka 1911 John Rigby akatoa 416. Mwaka 1912 Holland & Holland wakatoa 375, yenye kichwa cha risasi cha gramu kama 19. Idara za wanyamapori za wakati wa ukoloni ziliwapa askari wao bunduki za 404, na nyingine zilidumu kazini baada ya bendera kushushwa.

Hapo mpwa wangu alinikatiza. Alikuwa amesoma habari za W. D. M. Bell, Mskochi aliyewinda Karamoja kule Uganda, aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 tu. "Kumbe ukubwa wa nini, Mjomba?"

Nikamjibu kwamba Bell alijua mahali ubongo wa tembo ulipo kama fundi saa anavyojua springi, na aliwinda tembo wasiojua bunduki, katika nchi ya wazi, akichagua wakati wake mwenyewe. Askari anayeitwa usiku kwenye shamba la mpunga hachagui wakati. Wala mwindaji bingwa hachagui mahali mgeni wake atakapompiga mbogo vibaya. Ndiyo maana sheria zetu ziliweka 375 kuwa kiwango cha chini kwa mbogo na tembo. Aliyeweka kiwango hicho alimfikiria mtu wa kawaida siku anapotetemeka.

Sasa tukafika kwenye bunduki za bei ya kati. Kiwanda cha Winchester cha Marekani kilitangaza Model 70 mwaka 1936. Ilikuwa na ukucha wa Mauser, na ilipatikana kwa namba 375. Mtu wa mshahara aliweza kununua kiwandani chombo ambacho zamani kiliagizwa kwa fundi wa matajiri. Mwaka 1956 wakaongeza namba 458. Lakini mwaka 1964, kwa kutaka kupunguza gharama, kiwanda kilibadili mtambo na ule ukucha ukaondolewa. Wawindaji walinung'unika miaka mingi, wakawa wanatafuta zilizotengenezwa kabla ya 1964 kama watu watafutavyo sarafu za kale. Katika miaka ya 1990 kiwanda kiliurudisha ukucha, na bunduki hiyo wakaiita Classic, yaani ya mtindo wa kale. Huku nyuma, viwanda vya Czechoslovakia havikuuacha. Bunduki zao za Brno za ZKK 602, na baadaye CZ 550, zilikuwa nzito, hazina urembo, na bei yake ilivumilika. Afrika ya Mashariki ilizipenda.

"Lakini ukucha tu!" akasema mpwa wangu. "Bunduki nyingi za leo hazina, na zinapiga vizuri kuliko hizo za zamani."

Alisema kweli. Zinapiga vizuri, na shabaha yake yaweza kuwa bora zaidi. Hapo ndipo nilipomsimulia habari ambayo hata mama yake hakupata kuisikia kwangu.

Mwaka 1983 nilikuwa Bwana Nyama kijana katika nchi ya Liwale, miaka michache tu tangu nimalize chuo cha Mweka. Mbogo dume mwenye jeraha la mtego wa waya alikuwa amejiweka karibu na mashamba, na alikwisha kumkanyaga mwanamke aliyekwenda kuchota maji. Tulikwenda watatu: mimi, askari mmoja, na mzee wa Kingindo aliyekuwa bingwa wa kusoma nyayo. Asubuhi ile ghalani palikuwa na bunduki mbili. Moja ilikuwa 404 ya zamani, iliyojengwa juu ya mtambo wa Mauser, kitako kimefungwa waya mahali kilipopasuka. Nyingine ilikuwa mpya, inang'aa, isiyo na ukucha mrefu. Kiwanda chake sikitaji, na si miongoni mwa nilivyokwisha kuvitaja. Tena haikuwa mbovu. Mimi nilikuwa mkubwa, nikachagua kwanza. Nikachukua mpya. Ile gofu la Mwingereza nikamwachia askari.

Nilimpiga mbogo hatua kama thelathini, nyuma kidogo ya bega. Akaingia kichakani. Tulingoja nusu saa, kisha tukafuata damu, mzee mbele ameinama, mimi nyuma yake, askari pembeni. Mbogo aliyejeruhiwa huizunguka njia yake mwenyewe na kuingoja. Alitutokea ubavuni. Nikapiga, hakuanguka. Nikavuta komeo, nikasukuma risasi ya tatu mbele, na kabla sijalilaza komeo nikamwona mzee anarushwa juu. Hofu ikanishika mkono. Nikavuta tena nyuma, nikasukuma tena. Risasi ya kwanza ilikuwa imebaki ndani ya chemba, kwa kuwa hakuna kilichoishika, na ya pili ikaigonga nyuma yake. Mtambo ukakwama. Nilisimama na fimbo ya chuma mkononi.

Askari alipiga mara mbili kwa ile gofu. Mbogo akalala juu ya miguu ya mzee.

Tulimbeba kwenye blanketi hadi barabarani. Pembe ilikuwa imepasua paja. Alipona, lakini alitembea kwa mkongojo miaka tisa, hadi alipofariki. Nilipokwenda kumwona hospitalini sikuwa na la kusema, nikaanza kumweleza habari za mtambo. Alinisikiliza, kisha akasema, "Bwana Nyama, bunduki yako ilitia matonge mawili kinywani kwa pamoja. Alaye hivyo hukabwa." Hakunilaumu zaidi ya hapo, na hilo ndilo lililoniumiza.

Nimelifikiri neno lake miaka mingi. Bunduki ilikabwa, lakini mwenye pupa nilikuwa mimi. Kosa la mkono lilikuwa langu. Bunduki ile ingemtosha mtu aliyezoea kulilaza komeo mpaka mwisho, hata akiwa na hofu. Bali chombo cha kuwindia mnyama anayeua huchaguliwa kwa ajili ya saa ile ambayo binadamu hukosea. Asubuhi ile nilichagua kwa ajili ya risasi ya kwanza. Nilitazama rangi, wepesi, upya. Risasi ya kwanza hupigwa na mtu mtulivu, na karibu bunduki yoyote huifaa. Inayofuata hupigwa na mtu mwingine kabisa, ingawa amevaa shati lile lile.

Basi nikamwambia mpwa wangu alifunge daftari. Namba iwe 375, kwa sababu mtu wa umbo la wastani huihimili begani bila ya kufumba macho, na risasi zake hupatikana kwa urahisi kuliko za 404 au 416. Uzito usipungue sana kilo 4. Nyepesi hupendeza dukani na kupiga teke porini. Iwe na shabaha za chuma zilizo imara hata ukifunga darubini, kwa maana darubini hupasuka, na kichakani hatua tano haina kazi. Ainue bunduki begani akiwa amefumba macho, kisha afumbue. Kama shabaha haziko mbele ya jicho, kitako si chake. Mwisho autafute ule ukucha. Ikiwa mpya ina bei kubwa, anunue iliyotumika kwa uangalifu. CZ 550 kiwanda kimeacha kuzitengeneza, lakini chuma chake hakijazeeka.

Aliniuliza pia kama si dhambi kumwinda mbogo nyakati hizi. Sikumdharau kwa swali hilo. Nimeona tembo wa kusini wakimalizwa na majangili, na mwaka 2019 sehemu kubwa ya Selous ilifanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, nami nilifurahi. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu Watanzania zaidi ya 560 waliouawa na simba tangu mwaka 1990, wengi wao watu wa mashamba ya kusini na pwani. Watu hao walihitaji kuwa na mtu wa kuitwa. Na yeyote amjeruhiye mnyama, awe ametumwa na serikali au amelipwa na mgeni, anadaiwa kumfuata mpaka mwisho.

Miezi minne baadaye alirudi. Alikuwa amenunua Brno ya 375 ya mkono wa pili, imechubuka mtutu. Alileta risasi tano za mazoezi zisizo na baruti. Tukakaa barazani. Nikamwambia asukume komeo, na kabla hajalilaza nikampigia kelele sikioni. Alishtuka, akavuta nyuma. Risasi ikaruka, ikaanguka sakafuni na kubingirika hadi kwenye mguu wangu. Akasukuma tena, nyingine ikaingia safi.

Niliiokota ile iliyoanguka, nikakaa nayo mkononi muda mrefu. Mpwa wangu hakusema kitu. Baadaye aliniuliza yule mzee alizikwa wapi. Nikamweleza njia. Akasema kabla msimu haujafunguliwa atapita huko kwanza.