Kilo Ambazo Rubani Hakuambiwa

Wakulima wa pamba wa Usukuma walianza kuitilia shaka mizani kabla ya uhuru. Kuelekea mwaka 1950 malalamiko yalikuwa yaleyale kila msimu: mnunuzi anapunja kilo. Wakulima wakaamua kuweka watu wao wa kusimamia upimaji kwenye vituo vya kununulia pamba, na kutokana na vuguvugu hilo Paul Bomani na wenzake wakajenga vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions. Mpaka leo, iwe Migato katika Wilaya ya Itilima au Bariadi mjini, mkoani Simiyu, mkulima anayefikisha pamba AMCOS, yaani chama chake cha ushirika, husimama jirani na mizani, jicho kwenye namba. Kilo inayopotea pale humtia hasara ya fedha. Kwenye ndege, kilo isiyoandikwa haipotei. Inapanda pamoja na abiria.

Safari za ndege za ratiba katika Kanda ya Ziwa zilianza na mifuko ya barua. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Uingereza ya Imperial Airways ilifungua huduma ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza. Abiria waliishia Khartoum. Barua zikaendelea mpaka ziwani. Januari 1932 njia hiyo ikafikishwa Cape Town. Enzi hizo abiria alipimwa uzito pamoja na begi lake, na hakuona ajabu, kwa kuwa ndege zenyewe zilikuwa na nguvu ya kubahatisha. East African Airways nayo, ilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1946, ilikuwa na ndege sita ndogo za mabawa mawili-mawili aina ya Dominie. Katika chombo cha namna hiyo mtu mmoja mnene si jambo la kupuuza.

Baadaye zikaja ndege kubwa. Kumpandisha kila abiria kwenye mizani kukawa ni usumbufu, tena ni kumvunjia mtu heshima mbele ya foleni. Mashirika yakaanza kutumia wastani: mwanamume kilo kadhaa, mwanamke kadhaa, mtoto nusu yake au pungufu. Mabegi na shehena viliendelea kupimwa, au angalau vilitakiwa kupimwa. Binadamu akakadiriwa.

Uzito wa jumla, hata hivyo, ni nusu tu ya hesabu. Nusu ya pili anaielewa vizuri yeyote aliyewahi kupakia mkokoteni wa maksai. Magunia yakijazwa nyuma ya ekseli, mti wa mbele hunyanyuka na nira huwakaba wanyama kooni. Yakirundikwa mbele, nira huwaelemea shingoni. Magunia ni yaleyale na uzito ni uleule, kilichobadilika ni mahali. Ndege nayo ina kitovu cha uzito, na watengenezaji huweka mipaka myembamba ambayo kitovu hicho hakiruhusiwi kuivuka. Kikisogea nyuma mno, pua huinuka, mwendo hupungua na mabawa hushindwa kuibeba ndege. Kikisogea mbele mno, pua huwa nzito na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kunyanyuka. Njia ya kurukia, kwa bahati mbaya, hairefushwi siku hiyohiyo.

Mwaka 1996 ulionyesha madhara ya mizigo kwa ukatili wa pekee. Tarehe 8 Januari, jijini Kinshasa, ndege ya mizigo aina ya Antonov An-32 iliyokuwa imezidishiwa shehena ilishindwa kupaa kwenye uwanja wa N'Dolo, ikapita mwisho wa njia na kuingia soko la Simbazikita lililojaa watu. Waliokufa walizidi 200, karibu wote wakiwa wachuuzi na wateja wao. Tarehe 11 Mei, huko Marekani, ndege ya abiria ya ValuJet iliyotoka Miami kwenda Atlanta ilishika moto angani na kuanguka kwenye kinamasi cha Everglades. Watu 110 walikufa. Siku kumi baadaye, tarehe 21 Mei, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza na kuua watu zaidi ya 800.

Bukoba ilikuwa meli, lakini msiba wake una undugu na misiba ya angani. Abiria wa daraja la kwanza na la pili walikuwa na orodha. Wa daraja la tatu, ambao ndio wengi, hawakuwa nayo. Chombo kiling'oa nanga pasipo mtu yeyote ndani yake kuweza kusema kimebeba watu wangapi.

Kisa cha ValuJet kinastahili kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu safari ile haikuwa na tatizo la kilo. Kampuni ya matengenezo ilikuwa imetoa kwenye ndege nyingine mitungi midogo ya kuzalisha oksijeni, ile ambayo huwashwa abiria anapovuta barakoa ya dharura. Mitungi hiyo ikifanya kazi hutoa joto kali. Ilikuwa imepitwa na muda lakini bado ilikuwa na kemikali ndani, na vifuniko vyake vya usalama havikuwekwa. Ikafungwa kwenye maboksi ya kawaida, na kwenye karatasi zake ikaandikwa kwamba ni mitupu. Waliopakia waliamini karatasi. Rubani aliamini karatasi. Ndege ilikaa angani dakika chache tu. Baada ya hapo Marekani ilipiga marufuku kusafirisha mitungi ya aina hiyo kama mzigo katika ndege za abiria, na ikalazimisha vyumba vya mizigo viwekwe vifaa vya kugundua moshi na kuzima moto.

Mara nyingi mtu wa kwanza kunyooshewa kidole ni mpakiaji. Ndivyo ilivyokuwa Paris tarehe 3 Machi 1974, DC-10 ya Turkish Airlines ilipopasukiwa mlango wa mizigo dakika chache baada ya kuondoka uwanja wa Orly. Hewa ilitoka kwa kishindo, sakafu ya abiria ikaporomoka na kukata nyaya za kuongozea ndege. Watu wote 346 walikufa. Mlango ulikuwa umefungwa na mpakiaji ambaye alijua lugha kadhaa, lakini si Kiingereza wala Kituruki, lugha zilizotumika kwenye bango la onyo. Isitoshe, hakuwa ameelezwa kazi ya kile kitundu cha kuchungulia kilichokuwa mlangoni. Kumlaumu yeye ni rahisi mno. Juni 1972 ndege ya aina hiyohiyo ya American Airlines ilikuwa imepasukiwa mlango huohuo juu ya Windsor, Kanada, ikatua salama, na wenye mamlaka ya kurekebisha kasoro walikuwa na karibu miaka miwili ya kufanya hivyo.

Afrika ina kisa chake kinachofundishwa vyuoni. Siku ya Krismasi mwaka 2003, Boeing 727 ya Union des Transports Africains de Guinée ilijaribu kuruka kutoka Cotonou, Benin, kwenda Beirut. Wengi ndani yake walikuwa Walebanoni waliokuwa wakirudi kwao kwa sikukuu, na kama ilivyo desturi ya mtu anayekwenda kuona ndugu, mabegi yalikuwa mengi na mazito. Uchunguzi ulionyesha kuwa ndege ilikuwa imezidi uzito kwa tani kadhaa, na kwamba mzigo uliowekwa sehemu ya mbele uliisogeza mbele hesabu yote bila marubani kujua. Rubani alivuta usukani kwa wakati aliopangiwa. Pua haikuitikia upesi. Ndege iligonga jengo dogo la mitambo mwisho wa njia ya kurukia na kuangukia ufukweni. Kati ya watu 163, walikufa 141.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo, Januari 8, tarehe ileile ya msiba wa Kinshasa, wastani nao ulidai roho. Ndege ndogo ya Air Midwest iliyobeba watu 21 ilipaa kutoka Charlotte, Marekani, ikainua pua kupita kiasi na kuanguka, hakuna aliyesalimika. Nyaya za mkiani zilikuwa zimerekebishwa vibaya karakana siku chache kabla. Vilevile, wastani wa uzito wa abiria uliotumika ulikuwa wa zamani, wakati Wamarekani na mabegi yao walikuwa wameshanenepa. Kwenye karatasi ndege ilikuwa ndani ya mipaka. Mamlaka ya anga ya nchi hiyo iliongeza viwango mwaka uleule.

Kompyuta zilikuja na ahadi ya kumaliza makosa hayo, zikaleta yake. Machi 20, 2009, marubani wa Airbus ya Emirates waliokuwa wakiondoka Melbourne kwenda Dubai waliingiza tani 262 mahali pa 362. Kosa la tarakimu moja tu, na mitambo ikapanga nguvu ya injini ya ndege nyepesi kwa tani 100. Mkia uliburuza kwenye lami kabla ndege haijanyanyuka kwa shida. Ilirudi ikatua, na watu wote 275 walitoka wazima. Julai 2020 huko Birmingham, Uingereza, programu ya kampuni ya TUI iliwahesabu wanawake watu wazima 38 kuwa ni watoto, na karatasi ya mzigo ikapungukiwa kilo 1,244. Safari ile haikupata madhara. Wachunguzi waliichukulia kwa uzito hata hivyo.

Upo pia mzigo unaohama wenyewe. Agosti 25, 2010, ndege ndogo ya Filair ilianguka Bandundu, Kongo, ikiwa karibu kutua. Watu 20 walikufa na mmoja akapona. Kwa maelezo ya huyo mmoja, kama magazeti yalivyoyaripoti, abiria mmoja alikuwa ameficha mamba kwenye begi. Mamba akachomoka, na abiria wakakimbilia mbele kwa pamoja. Ukweli wa mamba uendelee kujadiliwa, lakini hesabu yake haina utata: watu kumi na kitu wakihamia upande mmoja wa ndege ya ukubwa ule, kitovu cha uzito huhama nao.

Msafiri wa Simiyu hukutana na hesabu hizi uwanja wa Mwanza, ulioko mita 1,147 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya mwinuko huo ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam, na mchana wa jua kali huwa nyepesi zaidi, hivyo ndege ileile huweza kulazimika kupunguza mzigo. Hapo ndipo abiria huambiwa kwamba begi lake litafuata na safari nyingine, akanuna. Anayo haki ya kununa, hasa kama ndani kuna samaki. Ila mtu aliyeliacha begi lile chini ameandika uzito wa kweli.

Mashirika kadhaa sasa yanarudi kwenye utaratibu wa 1931, angalau kwa muda. Air New Zealand iliwapima abiria wa safari za nje kule Auckland mwaka 2023, na Finnair ikafanya hivyo Helsinki mwaka uliofuata, kwa hiari na bila kuwaonyesha wengine namba. Jirani na Simiyu, kwenye viwanja vya vumbi vya Serengeti, mizani haikuwahi kuondoka. Ndege ndogo zinazotua Seronera kwa kawaida humruhusu mtalii kilo 15, tena kwenye begi laini linaloweza kubanwa nyuma ya viti. Anayekaa wapi huamuliwa na rubani, na abiria mwenye mwili mkubwa akiombwa kuhamia kiti cha mbele, anahama kabla injini haijawashwa.