Lobelia za Bonde la Teleki

Mwaka nilioacha chuo kwa sababu ya karo, nilibeba mizigo ya watalii Mlima Kenya kwa msimu mmoja na nusu. Kilo 18 za mtu mwingine, juu yake blanketi langu na unga wangu. Tulipanda kwa njia ya Naro Moru: unavuka kinamasi kinachovua watu viatu, halafu unaingia Bonde la Teleki. Hapo ndipo nilipozijua lobelia.

Mzee mmoja tuliyebeba naye ndiye aliyenifundisha kuzitofautisha. "Kijana, angalia. Huyu anavaa, yule anakunywa." Kumbe alikuwa amemaliza somo zima. Anayevaa ni Lobelia telekii. Anakaa kwenye miteremko mikavu, na mnara wake umefunikwa na vijani virefu vyenye manyoya mpaka maua yenyewe huyaoni, lazima uyapekue. Anayekunywa ni Lobelia gregoriana, ambaye vitabu vingine humwita keniensis. Huyu hupenda penye majimaji. Majani yake yamepangika kama bakuli na bakuli hilo limejaa maji. Usiku maji yanaganda juu, na barafu hiyo inakinga kichipukizi kilicho katikati kisife baridi. Asubuhi ukigonga kwa kidole inalia kama kioo.

Zote ni za ukoo wa maua ya kengele, Campanulaceae, ingawa hakuna kengele utakayoiona. Funua manyoya utapata ua dogo lenye mrija uliopasuka. Ndege aina ya chozi ndiye anayelijulia. Telekii hukua miaka mingi, hutoa maua mara moja tu, kisha hufa akiwa amesimama.

Sasa, haya majina. Teleki alikuwa bwana mkubwa wa Hungaria aliyefika hapa mwaka 1887 pamoja na Ludwig von Höhnel. Alipanda, lakini kilele hakukifikia. Mimea waliyokusanya ilipelekwa Ulaya, na Georg Schweinfurth akaipa hii jina la bwana mkubwa. Gregoriana ni ya J. W. Gregory, Mwingereza aliyekuja 1893. Hata neno lobelia lenyewe ni la Matthias de l'Obel, tabibu wa Flanders aliyekufa 1616 bila kujua kwamba kuna mlima kama huu.

Msafara wa Teleki ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200, wengi wao watu wa pwani. Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe aliyezijua njia za bara, anatajwa vitabuni. Wengine wengi ni hesabu tu: wangapi, mizigo mingapi. Gregory ameandika kwamba wapagazi wake walipokuta maji kwenye masufuria yamekuwa magumu, waliona yamerogwa. Wasomaji wa kwao bila shaka walicheka. Mimi nilisoma hiyo nikakumbuka asubuhi yangu ya kwanza kule juu, vidole havikunjiki, naangalia sufuria. Mtu wa Pangani angejulia wapi barafu? Na nguo zake zilikuwa zipi? Kama kuna wenye haki ya kuwekwa kwenye jina la mmea unaovaa manyoya, ni hao waliopanda bila sweta.

Kuchukua mbegu kwenye hifadhi bila kibali ni makosa, kwa hiyo nilinunua pakiti ya lobelia ya bustanini, Lobelia erinus, ndugu yao mdogo kutoka kusini mwa Afrika. Mbegu zake ni kama vumbi la ugoro. Mara ya kwanza nilizifukia kwenye udongo kama mahindi, hakuna kilichoota. Zinataka mwanga: unazinyunyiza juu, unabonyeza kidogo kwa kiganja, unaweka kopo ndani ya maji linywe kutoka chini, kwa sababu ukimwaga juu unazisomba zote kona moja. Halafu funika na nailoni na uwe mvumilivu. Zangu zimeota kwenye kopo la yoghurt, dirishani Nairobi. Maua ni ya buluu: vidole viwili juu, vitatu chini.

Nilimpigia mzee kumweleza.

"Inavaa au inakunywa?"

"Haina manyoya, mzee."

"Basi usiiache ikauke. Na karo umepata?"

"Bado."

"Januari kuna wageni," akasema. "Kuja na sweta mbili."