Somo la sakiti ya umeme: mwalimu aeleze kwanza, au watoto wajaribu kwanza?

Mzazi akipita karibu na dirisha la darasa, akakuta watoto wamezunguka betri ya tochi, nyaya na globu huku mwalimu amenyamaza, ana haki ya kuuliza: hapa wanasoma au wanacheza? Swali hilo halipo Kagerankanda peke yake. Wataalamu wa elimu wamelibishania kwa miaka mingi, nasi tunalieleza hapa kwa somo moja tu, la sakiti sahili ya umeme.

Sakiti ni njia ya umeme inayozunguka bila kukatika. Mkondo unatoka ncha moja ya betri, unapita kwenye waya na ndani ya globu, unarudi ncha ya pili. Njia ikikatika popote, taa inazimika. Swichi kazi yake ni hiyo tu, kukata na kuunga.

Njia ya zamani ya kufundisha tunaijua: mwalimu anachora ubaoni, anaeleza, wanafunzi wananakili. Inafaa darasa lenye watoto wengi, na kila mmoja anaondoka na maelezo sahihi. Lakini mtoto huyo anaweza kupata vema zote kwenye mchoro, kisha ukampa betri moja, waya mmoja na globu ya tochi akashindwa kuiwasha. Sisi wenyewe tulikuwa hivyo. Hatukujua kwamba globu ina sehemu mbili za kugusisha, kitako na ubavu wake wa chuma.

Njia ya pili ni ya udadisi: mtoto anakisia, anajaribu, anaona. Mtaala ulioanza kutumika Januari 2024 unasisitiza umahiri, yaani mwanafunzi aweze kutenda, si kukariri tu.

Kujaribu kuna maana kwa sababu watoto huja darasani na mawazo yao tayari. Mapema miaka ya 1980 Roger Osborne wa New Zealand alikuta watoto wengi wakiamini kwamba globu "inakula" mkondo, hivyo unaorudi kwenye betri ni kidogo. Wengine walidhani mikondo miwili hutoka pande zote mbili za betri na kugongana kwenye globu. Ubao peke yake hauyaondoi mawazo hayo. Funga globu mbili zinazofanana, moja ikifuata nyingine, uliza ipi itawaka zaidi. Wengi watasema ya kwanza. Zikiwashwa, mwanga unalingana, maana mkondo ni uleule. Kinachotumika ni nishati.

Sasa upande wa pili, na hapa mzazi wetu wa dirishani ana hoja. Mwaka 2006 watafiti Kirschner, Sweller na Clark waliandika kwamba mwanafunzi mgeni wa somo akiachwa bila mwongozo wa kutosha hujifunza kidogo. Matokeo ya PISA ya 2015 nayo yalionyesha kuwa katika nchi nyingi, wanafunzi waliosema wanafanya udadisi mara kwa mara walipata alama za chini za sayansi. Hilo halithibitishi kwamba udadisi ndio uliosababisha, ila linatahadharisha.

Mfano uko mikononi mwetu. Tochi za siku hizi zina vitaa vyeupe vya LED. Kitaa hicho kinahitaji takriban volti 3, na kinapitisha umeme upande mmoja tu. Mtoto akikiunga kwenye betri moja ya volti 1.5 hakiwaki, hata kama sakiti ni sahihi. Asipokuwapo mtu wa kumweleza, ataondoka akiamini uongo alioushuhudia kwa macho yake.

Kwa hiyo sisi tunaona mpangilio ndio muhimu: mwalimu aulize, kila mtoto aandike kisio lake, wajaribu kwa muda mfupi, kisha mwalimu asimame aeleze waziwazi kilichotokea na kwa nini. Kipindi cha dakika 40 kinatosha, vifaa vikiandaliwa mapema.

Vifaa havina gharama kubwa. Globu ya tochi ya zamani ndiyo bora kuliko LED, na nyaya hupatikana kwenye redio mbovu. Betri ya tochi hairushi shoti, ila usiunganishe ncha zake mbili kwa waya mtupu. Waya utapata moto. Betri ya sola ya volti 12 ikifanyiwa hivyo inaweza kuunguza vibaya, kwa hiyo isitumike kwa majaribio ya watoto. Soketi ya ukutani ina volti 230 na inaua, wala mtoto asiifikie na waya wake wa shuleni.