Vinywa na Mikono: Hesabu ya Watu katika Historia ya Njombe

Mwaka 1967 Watanzania tulihesabiwa tukawa milioni 12.3. Mwaka 2022 tulifika milioni 61.7. Katika miaka 55 tumeongezeka mara tano. Uzito wake tunauona darasani, zahanatini na katika shamba la babu linalogawanywa kwa wajukuu. Pato la taifa linakua, lakini walaji nao wanaongezeka, na fungu la kila mmoja hukua polepole.

Kwa hiyo wako wanaosema wingi wa watu ndio umaskini wenyewe. Wengine, nao wamo katika sharika zetu, hujibu kwamba Mungu aliagiza tuzaane na kuijaza nchi, basi neno limekwisha. Historia ya Njombe haikubaliani na upande wowote.

Sisi tumewahi kuonja uhaba wa watu. Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, na njaa iliyovifuata, viliacha makaburi mengi Ubena. Kisha, wakati wa Waingereza, Njombe ikawa mahali pa kuchota vibarua. Kwa kutafuta fedha ya kodi, vijana waliandikishwa manamba wakaenda kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Mkonge uliitajirisha Tanganyika ya wakoloni, na jasho letu lilikuwamo. Nyumbani walibaki wanawake, wazee na watoto. Ardhi ilikuwapo na mvua ilinyesha, lakini mikono ilikuwa mbali.

Halafu ukaja UKIMWI. Utafiti wa 2011 na 2012 uliikuta Njombe na asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49 wakiishi na VVU, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote. Kati ya sensa ya 2002 na ile ya 2012, watu wa eneo la mkoa wetu waliongezeka kutoka 648,464 hadi 702,097 tu, wakati taifa lilitoka milioni 34.4 hadi 44.9. Waliokufa na waliohama walikuwa wengi wao watu wa umri wa kufanya kazi. Bibi walirudi kulea upya.

Basi uchache wa watu haukututajirisha. Na leo, kuanzia Ramadhani hapa Njombe mjini hadi Makambako, inakopita reli ya TAZARA, tunavuna mahindi, viazi, parachichi na mbao. Hata hivyo, utafiti wa afya wa 2022 ulionyesha kwamba nusu ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati kitaifa ni asilimia 30. Ghala limejaa, na mtoto hakui. Mama anashinda shambani, mtoto anakunywa uji wa mahindi mtupu, na pengine ameachishwa ziwa mapema kwa sababu mdogo wake yuko njiani. Mtoto aliyedumaa hupata shida kujifunza, na akiwa mtu mzima hupungukiwa nguvu ya kuzalisha. Hapo ndipo uchumi wa nchi unapopotea, jikoni kwetu.

Karibu nusu ya Watanzania hawajafika miaka 18. Leo ni vinywa. Watakuwa mikono wakilishwa, wakifundishwa na wakizaliwa kwa nafasi. Mungu aliyembariki mwanadamu aongezeke ndiye aliyemweka bustanini ailime na kuitunza. Baraka na utunzaji vilitolewa pamoja. Kupanga uzazi, basi, ni sehemu ya uwakili wa Mkristo, na baba anahusika sawasawa na mama.

Tunapombatiza mtoto, wazazi na wasimamizi huahidi kumlea, na usharika husimama nao. Ahadi hiyo inahusu pia yai na maharage katika sahani yake, daftari lake, na miaka ya kupumzika ya mama yake kabla ya mimba nyingine. Tuizungumze wazi katika vikundi vya wanawake, vya vijana, na hasa vya wanaume.