Picha za Pwani kwenye gereji ya Minnesota

Leo siandiki habari za zamu za usiku wala za theluji (ingawa theluji itaingia tu, huku haikosi). Naandika historia kidogo, kwa sababu kuna mjadala umezuka kati yetu watu wa Pwani tunaoishi pande hizi, na mjadala wenyewe nimeona una historia ndani yake.

Kwanza nieleze neno. Nyumbani ukisema gereji mtu anafikiria fundi makanika, grisi na gari limenyanyuliwa juu ya jeki. Huku gereji ni banda la gari lililoshikana na nyumba. Lina mlango mkubwa unaopanda juu, sakafu ya saruji, na mara nyingi halina hita. Ikifika Juni watu wa Minnesota wanatoa magari, wanapanga meza, na mtoto aliyemaliza sekondari anafanyiwa sherehe humo humo. Ukutani wanabandika picha zake tangu mchanga mpaka joho. Na sisi tumeiga. Hatuna ukumbi wetu, kukodi ni ghali, basi gereji ndiyo ukumbi: Maulidi humo, arusi humo, hitima humo.

Sasa mzee wetu mmoja ametoa wazo zuri. Anasema watoto wetu waliozaliwa huku hawajui walikotoka, kwa hiyo tukusanye picha za zamani za kila familia, pamoja na mabango na kalenda za nyumbani, tuzitundike kwenye gereji yake na tuziache humo mwaka mzima. Wengi wameunga mkono. Mimi nimeunga mkono nusu. Picha zitundikwe, ndiyo, lakini ziwe nakala. Zile za asili zisikanyage gereji. Nimeambiwa naringa na usomi wangu wa unesi, kwa hiyo naeleza hapa kwa kirefu.

Tuanze na Unguja. Mwishoni mwa karne ya 19 Zanzibar ilikuwa tayari na studio za picha za biashara. Wagoa ndio waliotangulia, A. C. Gomes na baadaye akina Coutinho. Picha nyingi za enzi ile zilisafishwa kwenye karatasi iliyopakwa ute wa yai. Baadaye ikaja jelatini, kitu kile kile kinachotengeneza vidonge vya kapsuli tunavyowapa wagonjwa. Kumbukeni neno hilo jelatini, nitalirudia.

Ranchhod Oza alifanya kazi kwa Gomes, kisha mwaka 1930 akafungua studio yake, Capital Art Studio, Mji Mkongwe. Alifariki mwaka 1993 na mwanawe Rohit akaiendeleza. Waliofika pale watakumbuka kuta zilivyojaa picha nyeusi na nyeupe, za enzi za Sultani na za baada ya Mapinduzi ya 1964, mitaa, majahazi, maharusi. Watalii wananunua. Zimetundikwe kwenye hewa ya bahari, hakuna anayezilinda kama yai, na hakuna anayelia zikipauka. Kwa nini? Kwa sababu kilichoko ukutani ni chapa. Mama yake, yaani negativu, amekaa ndani. Chapa ikiharibika inasafishwa nyingine.

Hapo ndipo penye siri ya picha za Pwani yetu, na ndipo watu wa nyumbani tulipojisahau. Familia ilipiga picha studio ikachukua chapa moja, labda mbili. Negativu ilibaki kwa mpiga picha. Chapa ikatiwa fremu, ikapigiliwa msumari sebuleni, ikakutana na unyevu ambao Unguja, Tanga na Mombasa mara nyingi unazidi asilimia 70. Jelatini ikinyonya unyevu huvimba na kuwa laini, inanata. Fremu zetu nyingi picha imegusana na kioo moja kwa moja, na siku ukitaka kuitoa sura ya babu inabaki kwenye kioo. Kuvu nao wanaipenda jelatini, ni chakula kwao, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa muda wanaota. Mende wanakuja kumalizia.

Zile zilizosalimika ni zipi? Waulizeni bibi zenu. Ni zile zilizokunjiwa kwenye kanga, zikalala katikati ya sanduku la mbao, mbali na ukuta, kwenye giza. Kanga za pamba na mbao hunyonya unyevu na kuuachia polepole, kwa hiyo ndani ya sanduku hali haiyumbi sana. Bibi hakusomea uhifadhi, lakini alijua picha ya kutazama na picha ya kuweka si moja.

Kulikuwa na wapiga picha wa namna nyingine pia. Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyekuwa akikata na kuunganisha picha mbili tatu zikawa moja. Na Likoni, pale kivukoni Mombasa, vijana kutoka bara walijenga vibanda vya mbao wakavipamba kwa mapazia yaliyochorwa meli na ndege. Wateja wao wengi walikuwa wahamiaji kama wao, waliotaka kutuma picha nyumbani kuonyesha wamefika mjini. (Sisi wabeba boksi tunaopiga picha mbele ya gari la jirani tusiwacheke.) Kibanda cha Likoni na gereji ya huku ni ndugu: kuta nyembamba, hewa ya nje inaingia ndani, picha zimeninginia. Lakini picha ya kibandani ilikaa pale kuvutia wateja tu, haikutegemewa kudumu.

Baada ya 1964 watu wengi waliondoka Zanzibar, wakaenda Oman, Uingereza, Dar es Salaam, Mombasa, na baadhi yetu tukaishia huku kwa njia ndefu. Wakati wa kuondoka mtu hachukui negativu, maana hana. Anachukua chapa aliyoibandua ukutani. Kwa hiyo picha aliyonayo huyo mzee wetu, ya mama yake akiwa msichana na maua mezani, haina mama wala pacha popote tunapopajua. Ikifa, imekufa.

Sasa turudi Minnesota. Watu wanasema adui hapa ni baridi. Si kweli! Baridi peke yake ni rafiki wa picha. Ule mkusanyiko mkubwa wa Bettmann, mamilioni ya picha, ulihamishiwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwenye mgodi wa zamani wa chokaa huko Pennsylvania, na sehemu yake imewekwa kwenye baridi kali ya nyuzi kama 20 chini ya sifuri ili zisioze. Picha za rangi za miaka ya 1970, zile ambazo leo kila mtu ana uso mwekundu, zingekaa kwenye baridi zingebaki na rangi zake.

Tofauti ni kwamba mgodi ule haubadiliki, na gereji haitulii. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha Minneapolis kilishuka hadi nyuzi 33 chini ya sifuri. Tarehe 19 Julai 2011 hewa ya hapa ilikuwa na mvuke mwingi kiasi kwamba kiwango cha umande kilifika karibu nyuzi 28, rekodi ya mji huu, na Forodhani yenyewe ingeona haya. Kazini kwetu mgonjwa mwenye homa isiyopanda wala kushuka anatutia wasiwasi, lakini yule anayepanda na kushuka kila saa ndiye tunayemkalia kitako. Picha ni hivyo hivyo. Karatasi inavimba na kusinyaa, jelatini nayo kwa kiasi chake, mpaka zinaachana. Kwenye baridi kali na kavu jelatini inakuwa ngumu, ukiikunja inapasuka.

Wakati mbaya kuliko wote si Januari, ni Machi na Aprili. Picha na vioo bado vina baridi ya miezi mitano, mlango unafunguliwa, hewa ya joto yenye mvuke inaingia. Mnajua chupa ya soda iliyotoka kwenye friji inavyotokwa jasho. Ndivyo kioo cha fremu kitakavyofanya, mbele na nyuma, na hakuna atakayeona kwa sababu nyuma hapaonekani. Ongeza theluji inayodondoka kwenye matairi na kuyeyukia sakafuni.

Kuna jambo linaniuma kidogo. Evanston, jimbo la Illinois, siku moja tu ya kuendesha gari kutoka hapa, maktaba ya Herskovits ya Chuo Kikuu cha Northwestern inatunza mkusanyiko wa Winterton, zaidi ya picha 7,500 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Ziko mikononi mwa wataalamu, na nakala zake zimewekwa kwenye intaneti kila mtu azione. Picha za maofisa na za safari zao zimepata malazi hayo. Za bibi zetu tunataka kuzipigilia karibu na mashine ya kukata majani?

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili. Kila familia ilete picha zake kwangu Jumamosi mbili zijazo, nina skana. Tutaskani mbele na nyuma, maana nyuma mara nyingi kuna mhuri wa studio na mwaka. Tutasafisha nakala kubwa, tuzitundike kwenye mbao zilizo mbali kidogo na ukuta wa nje, na zikiharibika tusafishe nyingine, kama Capital Art. Mabango na kalenda nayo yapigwe picha kwanza, karatasi zile zinageuka njano hata bila unyevu. Picha za asili zirudi ndani ya nyumba, kabatini, chumba ambacho watu wanalala, si chini kwenye besimenti. Msizibandike selotepu, na msizitie kwenye zile albamu za plastiki zenye harufu kali.

Na mkizileta siku ya baridi, zifungeni kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa. Mkifika kwangu tutaacha mfuko ukae umefungwa saa mbili tatu upate joto la nyumba, tunywe chai kwanza, ndipo tufungue.