Usambazaji wa konsoli za Nintendo nchini Uswidi

Usambazaji wa konsoli za Nintendo nchini Uswidi ulishikwa kwa miongo kadhaa na kampuni moja ya binafsi, Bergsala, yenye makao Kungsbacka, mji ulio kusini mwa Göteborg. Katika nchi kubwa za Ulaya, Nintendo ilikuja kufungua matawi yake yenyewe. Uswidi na jirani zake wa Nordiki zikabaki chini ya wakala huru. Mpangilio huo uliwaletea Waswidi konsoli ya NES kabla ya Waingereza, na pia uliamua ni kaseti zipi zingekubali kucheza sebuleni mwao.

Chanzo

Bergsala ilianzishwa mwaka 1976 na Owe Bergsten na washirika wawili. Mwaka 1981 Bergsten, akiwa safarini Singapore, alinunua Game & Watch, mchezo wa mkononi wa Nintendo wenye skrini ndogo na unaotumia betri za saa. Akautafuta uongozi wa Nintendo mjini Kyoto, na mwaka huohuo Bergsala ikaanza kuiuza michezo hiyo Uswidi. Wakati huo Nintendo, iliyozaliwa 1889 kama kiwanda cha karata, haikuwa na tawi lolote Ulaya. Ilihitaji mtu wa kuagiza, kulipia na kubeba hasara mzigo ukidoda, na kazi hiyo Bergsala iliikubali.

Ujio wa NES

Konsoli ya Famicom ilitoka Japani Julai 1983, na umbo lake la kimataifa, NES, likaingia Marekani 1985. Septemba 1986 ikafika Uswidi, nchi yenye watu takriban milioni 8.4, miongoni mwa masoko ya kwanza kabisa ya Ulaya kuipokea. Uingereza iliipata 1987 kupitia kampuni ya vifaa vya kuchezea ya Mattel.

Kazi ya wakala haikuishia kupeleka maboksi madukani. Bergsala ilichapisha vijitabu vya maelekezo kwa Kiswidi, ikaendesha klabu ya wachezaji na kuweka simu ya msaada kwa waliokwama katikati ya mchezo. Kaseti zilizokusudiwa eneo lake ziliwekwa alama ya SCN, yaani Skandinavia.

Mipaka ndani ya mashine

Ugawaji wa Ulaya kati ya wasambazaji haukuwa wa mikataba pekee. Ndani ya kila NES kulikuwa na chipu ya kufuli iliyosoma chipu nyingine ndani ya kaseti. Zisipooana, mashine hujizima na kujiwasha bila kukoma. Uingereza, Italia na Australia ziliwekwa katika kundi A, Uswidi pamoja na sehemu kubwa ya Ulaya bara katika kundi B. Kwa hiyo kaseti iliyonunuliwa London haikucheza Stockholm, ingawa televisheni za miji yote miwili zilitumia mfumo uleule wa PAL. Kilichotenganishwa hapo kilikuwa maeneo ya biashara.

Eneo dogo lenye wakala wake liliweza pia kupata bidhaa ambayo masoko makubwa yaliikosa. Mfano mashuhuri ni Gimmick!, mchezo wa kampuni ya Sunsoft uliotoka Japani Januari 1992. Nje ya Japani ulitolewa katika nchi za Skandinavia pekee, mwaka 1993, kwa jina la Mr. Gimmick, na kaseti zake sasa ni adimu sokoni. Toleo hilo halikuwa na chipu ya ziada ya sauti iliyokuwamo katika kaseti ya Kijapani.

Ushindani

Mpinzani mkuu wa mwanzoni mwa miaka ya 1990, Sega, naye aliingia kupitia mlango wa wenyeji: bidhaa zake zilisambazwa na Brio, kampuni ya Uswidi inayofahamika kwa treni za mbao za watoto. PlayStation ilipofika Ulaya Septemba 1995, hali ilikuwa nyingine, kwa kuwa Sony tayari ilikuwa na matawi na njia zake za kuuza vifaa vya elektroniki.

Baada ya 1990

Mwaka 1990 Nintendo ilianzisha tawi lake la Ulaya huko Grossostheim, Ujerumani, na hatua kwa hatua ikachukua kazi ya wasambazaji wa nje katika nchi kubwa. Bergsala iliachiwa eneo lake, na jina lake likaendelea kuhusishwa na Nintendo katika Uswidi, Norwei, Denmark na Ufini. Makao yake Kungsbacka yakapata anwani ya Marios gata, mtaa wenye jina la Mario, mhusika wa michezo ya Nintendo.

Mwaka 2019 Bergsala iliunganishwa na watengenezaji wa michezo katika kundi la Thunderful, lililoingia soko la hisa la Stockholm Desemba 2020. Muungano huo ulikuja wakati faida ya wakala ikiwa imeanza kukimbia boksi: konsoli bado husafirishwa, huhifadhiwa ghalani na kupangwa dukani, lakini mchezo unaopakuliwa kwenye duka la mtandaoni la Nintendo hutoka kwa mwenye mali hadi kwa mnunuzi bila kupitia ghala la Kungsbacka.