Nota za Masanga ziko wapi?

Vijana wanaojifunza gita hapa Likasi wanatuuliza mara kwa mara: "Partisio ya Masanga tutaipata wapi?" Ulizo ni zuri, lakini jibu lake linatutoa mbali na muji wetu.

Huko Uingereza, zamani za mababu, wimbo wa jukwaani ulienda pamoja na karatasi. Nyumba kama Francis, Day & Hunter ya London zilichapa nota, watu wakanunua na kupiga piano kwao. Anayetafuta wimbo wa namna ile leo anaanzia maktaba. Kwetu ilikuwa kinyume. Masanga ilitoka katika vidole viwili vya Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya: gumba na kile kinachofuata. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimkuta hapa hapa, muji ukingali unaitwa Jadotville, akamrekodi. Sahani zikatolewa na Gallotone ya Afrika ya Kusini, zikasikilizwa mpaka Nairobi. Karatasi, hakuna.

Ilikuja nyuma, karibu miaka 10. David Rycroft, mwalimu wa chuo kikuu kule London, alisikiliza zile sahani akaandika sauti moja moja, na kazi yake ikatoka katika gazeti African Music, 1961 na 1962. Basi nota ziko humo. Gazeti linatolewa na ILAM, maktaba aliyoianzisha Tracey mwenyewe, iliyo sasa Makhanda (zamani Grahamstown), na matoleo ya zamani yanasomeka kwa intaneti.

Lakini tuangalie vizuri. Rycroft aliandika kile kilichokuwa kwenye sahani, na kichwa cha kazi yake kinasema wazi kwamba Bosco alikuwa akibuni palepale. Mwenye kufuata karatasi tu atapiga siku moja ya mwaka 1952, tena bila kujua mkono ulikaa namna gani. Ndiyo maana mpiga gita John Low, Mwingereza, alifunga safari mpaka Shaba mwaka 1979 kukaa karibu na Bosco, Edouard Masengo na Losta Abelo.

Bosco alikufa 1990. Tungependa nakala ya zile kurasa iwekwe hapa Likasi, na rekodi ya 1952 kando yake. Tena kijana akiisha kuichapa, aipeleke kwa muzee anayejua bado kupiga kwa vidole viwili, amuulize ni wapi karatasi imekosa.